Mfereji wa Getini

Kabla ya kumgombeza Mzee Usi, ilimbidi Mwanakhamis amwamkie kwanza.

"Shikamoo, Mzee Usi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Munir hajambo?"

"Hajambo. Mzee Usi, hii nini?"

Mzee Usi aligeuka akatazama alikooneshwa, kama mtu aliyeulizwa jambo la kufikiriwa. Geti la kituo cha maji lilikuwa wazi pande zote mbili. Tokea kibanda cha walinzi mpaka barabarani zilipangwa ndoo, madumu na masufuria, na wanawake wa mtaa walikuwa wamekaa juu ya madumu yao wakizungumza kama waliokuja shughulini. Mpira mwekundu ulitoka kwenye mfereji wa getini, ile koki waliyowekewa walinzi kwa udhu na maji ya chai, ukaingia ndani ya pipa la mtu ambaye Mwanakhamis hakumjua. Hafiz, mlinzi mwengine wa zamu ile, alikuwa kaliegemeza rungu lake ukutani na anamsaidia mama mmoja kufunga madumu kwenye Vespa.

"Hii foleni," alisema Mzee Usi mwishowe.

"Naona kama foleni. Nauliza inafanya nini ndani ya kituo cha serikali."

"Inangoja maji."

Mwanakhamis alivuta pumzi. Walinzi wote wa kituo kile walikuwa chini yake, wote wanaume, na wengi wao walikuwa wakubwa kuliko yeye. Alishazoea kuwaamkia kabla ya kuwakaripia, lakini Mzee Usi alikuwa na lake zaidi: kila akikaribia kukaripiwa, neno "mwanangu" lilimtoka kwa utamu ambao ulimfanya msimamizi wake aone haya kuendelea. Siku zote Mwanakhamis alifika kazini jua limeshapanda, akakuta geti limefungwa, uwanja umefagiwa na walinzi wamesimama wima. Leo aliwahi kwa sababu mkuu wa kituo alimwambia anataka kumwona mapema.

Na huyo mkuu wa kituo ndiye aliyekuwa anapiga honi hapo nyuma yake.

Wanawake waliinuka kwa haraka, ndoo moja ikapinduka, mtoto akalia. Bwana Mbarouk aliiingiza gari yake taratibu katikati ya madumu, akashusha kioo. Hakuwatazama wanawake wala walinzi.

"Bi Mwanakhamis, hapa kituo au mnadani?"

"Kituo, Mkuu."

"Ahsante. Nilidhani nimepotea njia." Aliitazama saa yake. "Nilikuita nikwambie habari ya kituo cha wenzetu huko shamba. Wamekatiwa nyaya za pampu mchana kweupe. Walioingia, waliingia hivi hivi, na ndoo mkononi. Sasa nnamtaka aliyefungua geti hili. Kabla ya Ijumaa uniletee jina lake, nimwondoe."

"Nitalichunguza, Mkuu."

"Usichunguze. Niletee."

Nassra, jirani yake Mwanakhamis, mlango kwa mlango, alikuwa kasimama na ndoo kichwani. Alisema kwa sauti iliyokusudiwa kufika garini, "Pampu zinanguruma usiku na mchana, maji yanapita chini ya nyumba zetu yanakwenda kwa wenzetu, sisi mifereji yetu inatoa upepo. Kisha tunaambiwa wezi!"

Ni kweli mifereji ya mtaa ilikuwa inatoa upepo. Bomba la upande ule lilipasuka wakati wa kutengeneza barabara, mafundi wakaja wakachimba, wakatazama, wakaweka alama ya utepe na wakenda zao. Utepe wenyewe ulishakatika. Bwana Mbarouk alipandisha kioo.

Mwanakhamis akabaki katikati ya uwanja uliolowa, amezungukwa na wanawake wa mtaa wake mwenyewe, na wote wanamtazama yeye.

"Tafadhalini," alisema, "tokeni nje."

"Na mimi nilikuwa nafuata sasa hivi!" alilalama mama mmoja.

"Tokeni nje, jamani. Msinitie matatani."

Walitoka, lakini si kimyakimya.

Geti lilipofungwa, aliwaita walinzi wake kibandani. Kibanda kile watu watatu wakiingia mmoja husimama mlangoni, na siku zote wa mlangoni alikuwa ni yeye, kwa sababu Mzee Usi anaumwa na magoti, na Hafiz hukaa kabla hajaambiwa. Hafiz jioni huchoma mishikaki Forodhani pamoja na kaka yake, na kwake yeye kazi ya ulinzi ilikuwa ni mahali pa kupumzikia.

"Haya. Nani kafungua geti?"

"Mimi," alijibu Mzee Usi.

"Kwa amri ya nani?"

Mzee Usi alivua miwani yake akaanza kuifuta kwa ncha ya shati.

"Mzee Usi, nnakuuliza kwa heshima zote."

"Na mimi nnanyamaza kwa heshima zote, mwanangu."

"Hafiz!"

"Naam."

"Weka simu chini. Mmefungua kwa amri ya nani?"

"Yako," alisema Hafiz.

"Yangu mimi?"

"Yako, bosi. Tumeambiwa umesema wewe."

"Mmeambiwa na nani?"

Hafiz alimtazama Mzee Usi. Mzee Usi alitazama bati. "Na Bi Mwanapili," alisema Hafiz.

Mwanakhamis aliegemea mlango. Bi Mwanapili alikuwa ni mama mkwe wake. Waliishi nyumba moja, na nyumba yenyewe ilikuwa ya Bi Mwanapili.

"Alikuja alfajiri moja na dumu lake," Mzee Usi alieleza, maana sasa neno lilishatoka. "Akasema, 'Mwanakhamis kasema mnipe maji.' Nikampa. Siku ya pili akaja na Nassra, binti yake kajifungua. Akasema, 'Mwanakhamis kasema na huyu.' Siku ya tatu akaja na nusu ya mtaa. Nikaona mwanangu kumbe kasema mengi."

"Na hukunipigia simu?"

"Nikupigie nikwambie nini? Nikuulize kama mama mkwe wako mwongo?"

"Ndiyo!"

"Mie neno kama hilo siwezi kulitia mdomoni. Labda Hafiz."

"Mie sikuwa na salio," alisema Hafiz.

Mwanakhamis alishika kichwa kwa mikono miwili. "Kurunzi ikiisha betri mnanipigia. Paka kazaa kwenye stoo ya mabomba, mmenipigia, nimo ndani ya mkutano na wakubwa, simu inalia, bosi, paka kazaa. Leo geti la serikali linafunguliwa kwa mtaa mzima, nyote mmekosa salio?"

"Paka hakuwa jamaa yako," alisema Mzee Usi kwa upole.

Mwanakhamis alitoka nje akasimama karibu na mfereji. Ulikuwa unadondoka tone moja moja, kwa kuwa haukufungwa vizuri. Aliukaza kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Hapo ndipo lilipomjia jambo ambalo hakutaka limjie: nyumbani kwake mapipa yalikuwa yamejaa. Mtaa mzima unalia, na yeye kila akirudi anakoga maji tele, anajimwagia mabegani, anajitia kichwani. Alidhani mumewe, Munir, ananunua kwenye gari la boza. Alidhani, wala hakuuliza.

*

Munir alikuwa fundi wa mafriji. Kazi yake aliifanyia barazani hapo hapo nyumbani, Mpendae, na alasiri ile alikuwa kapiga magoti nyuma ya friji la mtu, koleo mdomoni.

"Munir, maji yaliyomo ndani ya mapipa ni ya wapi?"

Munir alitoa koleo mdomoni. "Si ya kituoni?"

"Nani kakwambia?"

"Mama. Kasema umeshapanga na walinzi wako. Nikasema Alhamdulillahi, leo cheo cha mke wangu kimetufaa."

"Na wewe hukuniuliza?"

"Mbona wewe hukuniuliza mimi?" alisema Munir, na kwa kuwa ilikuwa kweli, Mwanakhamis alizidi kukasirika.

Bi Mwanapili alikuwa uani juu ya mbuzi, anakuna nazi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mikono ya nguvu, na masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote. Mwanakhamis alimpita, akaweka mkoba wake, akarudi. Mkwe hamwendei mama mkwe wake akamwambia umeniponza. Alijaribu kulitafutia neno hilo njia, akaikosa, na mwisho Bi Mwanapili mwenyewe ndiye aliyeanza, bila ya kuinua uso.

"Nilisema mkwe wangu ndiye mkubwa wa walinzi pale. Uongo?"

"Si uongo, Mama. Lakini mimi sikusema watu wapewe maji."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi ndiyo maana sikukuuliza."

Mwanakhamis alimtazama Munir, aliyekuwa kasimama kwenye mlango wa uani akijifanya anafuta mikono. Munir akatazama kitambaa chake.

"Mama, pale ni mahali pa serikali. Pana mitambo."

"Sisi tumechota kwenye mfereji wa kutilia udhu. Mtambo gani nimeugusa mimi?" Nazi iliendelea kukunwa. "Nassra ana mzazi ndani. Nguo za damu zimelala kwenye beseni, zinanuka, mtoto wa watu anaona haya hata kutazamwa. Niende nikamwambie, mkwe wangu anayalinda maji, lakini hayatoki?"

"Mama, mtu atafukuzwa kazi."

Mkono wa Bi Mwanapili ulisita. "Nani?"

"Mzee Usi. Ndiye aliyefungua. Au mimi."

Bi Mwanapili aligeuza kifuu, akaendelea kukuna, na hakukuwa tena na nyama humo ndani. Mbuzi ilikuwa inakwaruza kifuu kitupu.

Munir alimfuata mkewe chumbani, akarudisha mlango.

"Mtaje Mzee Usi, mambo yeshe."

"Yeshe vipi?"

"Si kweli kafungua? Husemi uongo. Mzee keshachoka, karibu anastaafu. Watoto wake wako Kendwa mahotelini, watamtazama."

"Akifukuzwa leo kiinua mgongo hakipati. Na hao watoto wa Kendwa, mara ya mwisho umewaona lini wanakuja kumtazama? Kofia anayovaa nimempa mimi."

"Basi kamtaje Mama! Kaseme mbele ya wanaume, mama mkwe wangu kawadanganya walinzi. Mtaa wote ujue."

"Kwani nimesema nitamtaja Mama?"

"Sasa utafanya nini?"

"Sijui, Munir! Mimi ni msimamizi wa walinzi tu! Kila mtu kafanya lake, kasema langu, mimi peke yangu sikusema kitu, na mimi ndiye ninayeulizwa!"

Ukutani upande wa pili, nyumbani kwa Nassra, kichanga kilianza kulia. Wakakisikiliza wote wawili.

*

Asubuhi ya pili Mwanakhamis aliwahi tena. Alikuta geti limefungwa kwa kufuli na mnyororo, na mbele ya geti, nje, kasimama fundi wa pampu, Bi Shadya, na kisanduku chake cha vyuma, jasho linamtiririka ndani ya ushungi.

"Nimezuiwa," alisema Shadya. "Nimezuiwa na mtu ninayemnunulia chapati kila siku."

Ndani ya geti alikuwamo Hafiz, kasimama wima kama mlingoti.

"Hafiz, kwa nini Bi Shadya yuko nje?"

"Umesema asiingie mtu."

"Bi Shadya anafanya kazi hapa!"

"Hana kitambulisho."

"Nimekisahau kwenye mkoba mwengine," alisema Shadya. "Na pampu ya pili inachemka, inasikika mpaka hapa."

"Mfungulie, Hafiz."

"Ufunguo anao Mzee Usi."

"Mzee Usi yuko wapi?"

"Kenda kutafuta kufuli kubwa zaidi."

Mwanakhamis alifumba macho. Watu hawa, ukiwaambia wafungue, wanafungulia dunia nzima; ukiwaambia wafunge, wanaifunga serikali yenyewe nje. Mzee Usi alipofika, na kufuli lenye ukubwa wa ngumi, pampu ya pili ilikuwa imeshajizima yenyewe, na Bwana Mbarouk alikuwa kwenye simu anauliza kama walinzi wa kituo hiki wanalinda maji au wanayapiga vita.

Wanawake nao walikuja kama kawaida. Hakuna aliyewaambia wasije. Walijipanga nje ya geti na vyombo vitupu, wakamtazama Mwanakhamis kupitia vyuma.

"Jana maji yalikuwa ya kwenu, leo yamekuwa ya serikali?" aliuliza Nassra.

"Nassra, mie na wewe majirani. Usinifanyie hivi."

"Mie nikufanyie nini? Mie nimeshika ndoo tu."

"Mapipa yake yamejaa huyo," alisema mwengine kutoka nyuma. "Ataona nini?"

Mwanakhamis alihisi masikio yake yakipata moto. Alitaka kusema kwamba hakujua. Lakini nani angeamini, na hata wakiamini, maji alishayaoga.

Foleni ikapasuka kidogo, na mbele kabisa akatokea Bi Mwanapili, kajitanda kanga, dumu la manjano mkononi.

"Mwanangu," alisema, "nifungulie."

Kwa miaka yote waliyokaa pamoja, Mwanakhamis hajapata kumwambia mama mkwe wake hapana. Alizungusha, alichelewesha, alimtuma Munir, lakini neno hapana hakulitamka.

"Mama, rudi nyumbani."

"Nifungulie nichote hili moja, nimpelekee mzazi."

"Siwezi, Mama. Rudi nyumbani, nakuomba."

Bi Mwanapili alimtazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi. Aliweka dumu lake chini mbele ya geti, akalikalia, akatandaza kanga yake magotini, akageuza uso upande wa barabara. Foleni nzima ikafuata, mmoja mmoja, kila mtu juu ya chombo chake.

"Tuwafukuze, bosi?" Hafiz alinong'ona.

"Wako nje ya geti. Nje ya geti si kwetu."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo nyamaza, Hafiz."

*

Bwana Mbarouk hakungoja Ijumaa. Adhuhuri ilipokaribia aliwaita wote watatu ofisini. Alikuwa na feni mezani iliyogeuka kushoto na kulia, na kila ikifika kwa Mzee Usi ilipeperusha ndevu zake nyeupe.

"Mimi si mtu mbaya," alianza Bwana Mbarouk. "Nnataka mlijue hilo. Nimeshaandika mara ngapi kuhusu bomba la mtaa huu, naambiwa vifaa viko njiani. Lakini kitu kikipotea hapa, hawatoniuliza habari ya bomba. Wataniuliza habari ya geti. Sasa, nani kafungua?"

Mwanakhamis alifungua mdomo, lakini Mzee Usi alimtangulia.

"Mimi, Mkuu."

"Kwa amri ya nani?"

"Kwa akili yangu. Nimeona watu wana shida, nikafungua. Bi Mwanakhamis hana habari."

Alisema bila ya kumtazama mtu, kwa sauti ile ile ya upole anayomwitia Mwanakhamis "mwanangu". Hafiz alitazama viatu vyake. Feni ikenda, ikarudi.

Mwanakhamis alihisi kifua chake kimekuwa chepesi. Lilikuwa ni jambo la sekunde chache, na katika sekunde hizo aliona kila kitu kimekaa mahali pake: Munir anafurahi, Bi Mwanapili hatajwi, yeye anabaki na kazi yake, na Mzee Usi anakwenda zake kwa hiari yake mwenyewe. Hakuhitaji kusema hata neno. Kisha akaona vidole vya mzee vinavyoishika ile kofia magotini, vinaigeuza, vinaigeuza, na wepesi ule ukamtia kinyaa.

"Si kweli," alisema.

"Mwanangu, nyamaza," alisema Mzee Usi.

"Si kweli, Mkuu. Amefungua kwa sababu aliambiwa ni amri yangu."

"Aliambiwa na nani?"

"Na mtu wa nyumbani kwangu."

"Mtu gani?"

"Wa nyumbani kwangu, Mkuu. Inatosha. Maji yamefika kwenye mapipa yangu, na mimi nimeyatumia. Kama ni jina, andika langu."

Bwana Mbarouk aliegemea kiti, akajipangusa uso kwa kiganja. "Mie nimeomba mtu mmoja," alisema kwa uchovu. "Mtu mmoja tu. Huyu anasema ni yeye, huyu anasema ni nyumba nzima. Hafiz, na wewe una la kuongeza?"

"Mie sikuwa na salio, Mkuu."

"Salio la nini?"

"Basi, Mkuu."

Bwana Mbarouk akatoa hukumu. Mzee Usi atabaki, kwa kuwa aliamini amri. Mwanakhamis hatofukuzwa, kwa kuwa kasema kweli, lakini usimamizi hawezi kuendelea nao. Kuanzia kesho atakuwa mlinzi wa getini kama wenzake. Mfereji wa getini utakatwa. Na msimamizi atakuwa Mzee Usi.

"Mie, Mkuu, naomba uniwie radhi," alisema Mzee Usi. "Cheo hicho kina simu nyingi."

"Basi Hafiz."

Wote watatu walimtazama Hafiz. Hafiz mwenyewe aligeuka akatazama nyuma yake, kama kwamba pengine kulikuwa na Hafiz mwengine.

*

Nyumbani habari ilitangulia kufika. Munir alimtilia chai, akaikoroga, akaikoroga tena. Alipokuja kusema, alisema, "Mshahara utashuka?"

"Utashuka."

"Sana?"

"Munir, niache ninywe chai."

Bi Mwanapili hakutoka chumbani mwake. Mapipa mawili yalikuwa uani na mifuniko yake. Mwanakhamis aliyatazama, akachukua ndoo, akachota, akaipeleka kwa Nassra. Nassra alifungua mlango, akaiona ndoo, akamwona aliyeishika.

"Nimesikia," alisema Nassra.

"Chukua. Ntaleta nyengine."

"Asubuhi nilikusemea vibaya."

"Chukua ndoo, Nassra, mkono unaniuma."

Alikwenda na kurudi mpaka pipa moja likabaki tupu. Hakuna aliyemsaidia, na hakumwomba mtu.

*

Siku fundi alipokuja kukata mfereji, Mwanakhamis alikuwa getini tokea asubuhi, na rungu lisilomwenea mkononi. Ilichukua muda mfupi sana. Fundi alizungusha, akakata, akaziba, akafagia vumbi la chuma kwa mguu. Hafiz alisimamia kazi ile, firimbi mpya shingoni.

"Sasa walinzi watatilia wapi udhu?" Mzee Usi alimuuliza.

Hafiz hakuwa kafikiri hilo. "Nitapiga simu," alisema.

Jua lilikuwa la utosi Bi Mwanapili alipokuja. Hakuwa na dumu. Alivaa buibui lake la harusini na viatu vya kufunika vidole, na alitembea taratibu kwa sababu viatu vile vilimbana.

"Nimekuja kumwona mkubwa wenu," alisema.

Mwanakhamis alisimama mbele yake, ndani ya geti. "Una miadi naye, Mama?"

"Sina."

"Basi ngoja nimuulize msimamizi."

Alimwita Hafiz. Hafiz alikuja, akamwona aliyekuja, akamvuta Mwanakhamis pembeni. "Nifanyeje, bosi?"

"Mimi si bosi. Wewe ndiye bosi."

"Najua, lakini nifanyeje?"

"Hana ndoo, hana dumu, anaomba kuonana na mkuu. Mgeni wa ofisini, kama wageni wengine."

Hafiz alifungua. Bi Mwanapili alipita katikati yao, buibui likiburura, akavuka uwanja mtupu mpaka mlango wa ofisi, akagonga, akaingia.

Alikaa sana humo ndani. Mzee Usi alileta kigoda akakikalia, akasema labda mzee wa watu anamwombea mkwewe arudishiwe cheo. Mwanakhamis alikuwa anaogopa jambo jengine: kwamba mama mkwe wake angelia mbele ya yule mtu, na yeye angelazimika kujua kwamba amelia.

Bi Mwanapili alitoka macho makavu. Mkononi alishika chupa ndogo ya maji ya dukani, ya baridi, imelowa nje.

"Amesemaje?" aliuliza Mwanakhamis.

"Nimemwambia aliyesema uongo ni mimi, wala si wewe, wala si Usi. Kasema jambo hilo limeshakwisha. Nimemuuliza basi bomba letu litatengenezwa lini. Kasema vifaa viko njiani." Alinyanyua chupa akaitazama kama kitu alichookota. "Kisha kasema, mama umetembea juani, mpeni maji. Wakanipa hiki."

Mzee Usi aliguna. Hafiz alitaka kucheka, akamtazama Mwanakhamis, akaacha.

Bi Mwanapili aliisogeza chupa kwa mkwewe. "Kunywa."

"Yako hayo, Mama."

"Umesimama juani tokea asubuhi. Kunywa, Mwanakhamis, mie sitokwambia mara ya tatu."

Mwanakhamis aliliegemeza rungu kwenye nguzo, akaifungua chupa. Alikunywa moja kwa moja, hakujua kama alikuwa na kiu kiasi kile, na alipoishusha ilibaki nusu. Akamrudishia. Bi Mwanapili akaiona ile nusu, akanywa na yeye, akaifunga chupa tupu na kuitia mkobani. Kisha akavua viatu vilivyombana, akaenda kukaa kwenye kigoda ambacho Mzee Usi alikwishainuka kumpisha.

"Utarudi vipi nyumbani, Mama? Nimtume mtu akamwite Munir?"

"Nakungoja wewe."

"Zamu yangu mpaka alasiri."

"Basi alasiri."

Hafiz alikohoa, akaishika firimbi yake. "Bi Mwanapili, samahani, kwa mujibu wa utaratibu mgeni haruhusiwi kukaa hapa getini."

Walimtazama wote watatu, Mzee Usi, Mwanakhamis na Bi Mwanapili. Hafiz aliiachia firimbi, akasema anakwenda kukagua ukuta wa nyuma, akenda.